Jibini ya Mbuzi Aliyoitaka Mama

Haya jamani, kaeni niwasimulie mara moja tu, maana nimechoka kusimulia vipande vipande. Kila anayepita dukani ananiuliza, "Bi Nuru, ulikuwa wapi? Duka umefunga, simu haipatikani, tukasema basi huyu keshaolewa." Sikuolewa. Nilikwenda kutafuta jibini. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi, kwa sababu huko mbele kuna mahali hamtacheka.

Mama yangu mnamjua. Ndiye yule anayekaa dirishani ghorofa ya pili, juu ya duka langu la vyombo, akiwakemea makuli wanaotukana. Tangu homa ile iliyompata masika, mama aliacha kula. Homa iliondoka, na hamu ya chakula ikaondoka nayo. Nilimpikia uji wa mchele, nikampikia supu ya kuku wa kienyeji, wifi yangu Rukia akapika bokoboko la kutosha harusi. Mama anashika kijiko, anakitazama, anakirudisha. Daktari akapima kila cha kupimwa, akasema ugonjwa hakuna tena, dawa iliyobaki ni chakula, na asipokula mwili utaisha wenyewe. Nikimvalisha dera naiona mifupa ya mabega yake. Niliogopa, wallahi. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Asubuhi moja akaniita. "Nuru, nataka jibini ya mbuzi. Ile ya mama. Ya moshi."

Bibi yangu mzaa mama aliletwa kutoka milima ya Yemen, akafia hapa hapa Dar kabla sijazaliwa. Jibini yake nimeisikia tu kwenye hadithi: ngumu, ya chumvi, imekaushwa kwa moshi hadi ngozi yake inakuwa ya kahawia. Sikuuliza zaidi. Mtu ambaye amekataa kila kitu akitamani kitu, humhoji, unatafuta viatu. Nilikuwa tayari mlangoni mama alipoongeza, "Na uulize imegandishwa na nini."

Kwa msiojua: jibini ya asili hugandishwa kwa tumbo la mwanambuzi anayenyonya. Tumbo linakaushwa, kipande kinalowekwa, maji yake yanatiwa kwenye maziwa. Kwa mama swali ni moja tu: huyo mwanambuzi alichinjwa na nani? Kama hakuchinjwa kwa Bismillahi, mama hatii kinywani, hata kama roho iko kooni. Na mimi siwezi kumdanganya mama kwa kitu kama hicho.

Nilianza na madukani mjini. Nikapata jibini ya mbuzi ya kutoka nje, ndogo kama kipande cha sabuni na ladha yake hiyo hiyo. Mama aliilamba akageuza uso. Hapo ndipo jirani yangu Mama Glory, Mchaga anayeuza vitenge duka la pili, aliposimama katikati ya njia akashika kiuno. "Wewe, mbuzi hawaishi Kariakoo. Mbuzi wako milimani. Funga duka twende." Na kweli alifunga lake kwanza. Sijui rafiki gani mwingine angefanya hivyo msimu wa biashara.

Kariakoo mpaka Chalinze

Tulipanda Fuso. Sefu, dereva anayeleta mboga za Uluguru sokoni kwetu, alikuwa anarudi na matenga matupu, akatupa nafasi pale mbele. Mama Glory ni mtu mwenye mwili, mimi pia Mungu hakuninyima, na gia ya Fuso iko katikati. Kila Sefu akibadilisha gia anasema, "Samahani mama." Tulipofika Kibaha alikuwa ameshaomba samahani za mwaka mzima.

Chalinze Sefu akasema tunasimama kidogo tu, kuna matenga mengine anayachukua kwa jamaa yake. Jamaa alikuwa amekwenda harusini. Tukaambiwa anarudi sasa hivi. Nyie mnajua "sasa hivi" ya mtu aliye harusini. Tulikaa kwenye benchi la muuza mahindi ya kuchoma, jua likatoka upande wa kushoto likaenda upande wa kulia. Mimi nikapandwa na hasira. Nikamwambia Sefu maneno ambayo sitayarudia hapa, na yeye akasikiliza kwa adabu, akaninunulia soda.

Yule muuza mahindi, mama mnene mwenye ushungi wa kijani, akaniuliza nina haraka ya nini. Nikamwambia mama yangu hali. Hakusema pole. Aliniuliza, "Anapenda nini?" Nikasema jibini. Akafikiri, akapekua kapu lake, akachagua hindi bichi kuliko yote, akalichoma taratibu pembeni ya moto, akanifungia kwenye ganda lake. "Mpelekee na hili. Pengine jibini itachelewa." Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mama yuko Dar, na mimi siendi huko bali natoka. Nikalipokea. Nililila njiani nikilia kidogo, na Mama Glory akajifanya anatazama mikonge.

Uluguru, jibini ya ndimu

Barabara ya kupanda mlimani ilikuwa imenyeshewa. Fuso ikapanda, ikateleza, ikarudi nyuma, na upande wangu kulikuwa na bonde ambalo sikulitazama. Mama Glory alikuwa anasali Kikristo, mimi nasoma Ayatul Kursi, na Sefu kwenye usukani anatuambia, "Endeleeni hivyo hivyo, inasaidia."

Kule juu ni baridi, kuna ukungu, kuna mashamba ya njegere na kabichi yamening'inia kama nguo za kuanikwa, na mbuzi wa maziwa wanaishi kwenye mabanda yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Sefu alitupeleka kwa Mama Felista, mwanamke mwembamba asiyekaa chini, ambaye maziwa yake ya mbuzi yanasifiwa kijiji kizima. Kabla hatujamaliza kusalimiana, uani pamejaa wanaume na mbuzi. Mbuzi mweupe, mbuzi mwenye ndevu, mbuzi aliyevutwa kwa nguvu na hataki. Habari zilikuwa zimeshaenea kwamba mama wa Kiarabu kutoka Kariakoo amekuja na Fuso nzima kununua mbuzi. Mzee mmoja akanifungulia meno ya mbuzi wake niyatazame. Nikayatazama. Ningefanyaje? Nikasema ni meno mazuri.

Kueleza kwamba nataka jibini tu ilichukua muda, na mzee yule aliondoka ameudhika kwa niaba ya mbuzi wake. Mama Felista akacheka hadi akashika nguzo. Kisha akaingia jikoni, akachemsha maziwa mpaka yakapanda, akayakamulia ndimu. Maziwa yakakatika hapo hapo. Akayamimina kwenye kitambaa, akakikamua, akakining'iniza. Tukala jioni ile na ugali na njegere: nyeupe, laini, inavunjika mkononi, ina uchachu mdogo wa ndimu unaokuja nyuma ya ulimi. Jamani ilikuwa tamu! Na haina tumbo la mwanambuzi, kwa hiyo haina maswali. Nikaona safari imekwisha.

"Sasa tuifukize," nikasema.

Mama Felista akanitazama kama niliyesema tuipeleke shule. Lakini alikubali, akaweka bonge kwenye waya juu ya moshi. Likaanza kutoa jasho, likalegea, likavunjika, likaanguka motoni pande mbili. Akaweka la pili. Nalo hivyo hivyo. "Dada," akaniambia kwa upole, "hii ya kwetu ni ya kuliwa leo. Haina mfupa." Kesho yake tulipoondoka alinifungia nyingine kwa ajili ya mama, na mimi nikaipokea nikijua kwamba haitafika. Ilichacha kabla ya Segera, tukaila mimi na Mama Glory hivyo hivyo ilivyo, maana kutupa kazi ya mikono yake tulishindwa.

Lushoto, jibini ya masista

Simu ya wifi Rukia ilinikuta Mombo, tukisubiri gari la kupanda. "Wifi, leo amekunywa chai vijiko vichache. Ameuliza umefika wapi." Nikamwambia mwambie nimekaribia. Yaani nilikuwa nazidi kwenda mbali, na mdomo wangu unasema nimekaribia.

Mtu mmoja Morogoro alituambia Lushoto kuna masista wanatengeneza jibini inayokaa miezi. Tukaikuta nyumba yao juu ya kona za barabara, bustani safi, kimya hata unajisikia unapumua. Sista aliyetupokea, mfupi, mchangamfu, alipoona baibui langu akakimbia kuniletea kiti kizuri na akaanza kunipa mkate wa nyumbani, kisha jamu, kisha mkate tena. Nilipotaka kueleza shida yangu ananiambia, "Kula kwanza, mgeni haulizwi shida akiwa na njaa."

Stoo yao, wenzangu, mngeiona. Rafu za mbao, jibini za mviringo zimepangwa, baridi kama ndani ya mtungi. Sista anazigeuza kila siku na kuzipangusa kwa maji ya chumvi, anaongea nazo: "Wewe bado. Wewe bado. Wewe karibu." Alinikatia iliyokuwa tayari. Ngumu, ya manjano kidogo, inakwaruza ulimi kisha inayeyuka polepole. Chumvi yake sawasawa. Hii ina mfupa, nikajisemea. Hii inafukizika.

Nikamuuliza imegandishwa na nini. Akasema unga mweupe, unaletwa kwenye kichupa kutoka mjini. Unga wa nini? Akakileta kichupa, tukakigeuza wote watatu, tukavaa miwani kwa zamu. Kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua kati yetu. Unaweza kuwa wa mmea, akasema Sista, unaweza kuwa wa ndama, unaweza kuwa wa kitu kingine, hajui, na hataki kuniambia uongo. Nikamshukuru sana kwa hilo. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Mama Glory akaja akakaa karibu yangu. "Si useme tu ni ya mmea? Mama anakufa njaa, Nuru."

"Siwezi."

"Najua huwezi," akasema, akanipa kitambaa chake. "Nilitaka tu mmoja wetu aseme." Kisha akageukia bustani. "Kwa mama yangu kuna jibini. Sikukwambia kwa sababu ya dari ile, naona aibu. Imejaa masizi. Watu wa mjini wakiiona watasema Wachaga tunakula mkaa."

Nikamgeukia. "Masizi ya nini?"

"Ya moshi, mwenzangu. Inakaa juu ya moto."

Nilimpiga kofi la bega ambalo nadhani bado analikumbuka. Mwanamke kanizungusha Morogoro na Lushoto yote, na jibini ya moshi iko kwao!

Kilimanjaro, jibini ya darini

Bibi Manka, mama yake Mama Glory, alitupokea kwenye migomba. Kadogo, kameinama, lakini mkono wake ukikushika umeshikwa. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibuni, mmechoka, mmekonda, ingieni." Jikoni kwake, ile nyumba ya nje, moto hauzimwi. Juu ya moto kuna dari ya fito, na juu ya fito kuna mahindi ya mbegu, kuna kuni za mibuni zinazokaushwa, na kuna jibini. Alifundishwa ujanani kwenye shamba alilofanya kibarua, na aliziweka darini kwa sababu moja tu: panya. Moshi ulifanya kazi yake bila kuombwa na mtu.

Alishusha moja, akaifuta masizi kwa kanga yake. Ngozi ya kahawia. Akaikata, na ndani nyeupe kama jino la mtoto. Harufu ilipofika puani kwangu machozi yalinitoka, kwa sababu ilikuwa kama nimesimama ndani ya hadithi ya mama. Hii. Ndiyo hii.

"Inagandishwa na nini, bibi?"

Akanionyesha kwa kidole pale juu: kitu kilichosinyaa, kimening'inia kwa kamba. "Tumbo la mwanambuzi. La hapa hapa nyumbani."

Sasa niambieni, mngekuwa ninyi mngeuliza? Mzee wa watu, Mkristo, amekufuta vumbi la safari kwa mkono wake, amekupa kiti chake, sasa umwambie, "Bibi, huyo mbuzi wako alichinjwa na nani?" Kwangu ilikuwa kama kumuuliza kama nyumba yake ni safi. Akanipakulia mtori wenye nyama, akaweka jibini pembeni. Nikasema, "Ahsante bibi, nimeshiba."

Nimeshiba! Mtu aliyesafiri tangu alfajiri. Nikala parachichi. Nikala parachichi jingine. Bibi Manka akautazama mtori wangu unapoa, akainuka, akauondoa, akaifunga jibini kwenye jani na kuirudisha darini. Usiku ule tulipewa kitanda, na mlango ulipofungwa Mama Glory akanigeukia kama simba.

"Umemkataa mama yangu."

"Sijamkataa."

"Umevuka mikoa mingapi unalia jibini, jibini, umeletewa jibini unasema umeshiba? Mama yuko jikoni anajiuliza chakula chake kina nini!"

Nikamwambia sababu. Akakaa kitandani. Nilidhani atanikasirikia zaidi, lakini alivuta tu pumzi, akasema, "Na wewe ulidhani ni tusi."

"Ndiyo."

"Basi hujui nyumba hii," akasema, akalala akaniachia blanketi upande mdogo.

Asubuhi niliamka kwa sauti za watu uani. Nikasikia mbuzi, halafu nikasikia, wazi kabisa, kutoka nyuma ya migomba, "Bismillahi, Allahu Akbar." Nikatoka mbio hata ushungi sijaufunga vizuri. Mzee mwenye kofia nyeupe alikuwa anapangusa kisu kwenye jani la mgomba. Mzee Athumani, jirani wa kihamba cha pili, shamba la ukoo lililopakana na hili. Bibi Manka alikuwa amemtumia ujumbe kabla hatujafika kwamba wageni wanakuja, aje kuchinja.

Nikamwamkia, nikamuuliza kama huwa anachinja hapa mara kwa mara. Akanishangaa. "Mwanangu, nyumba hii hata kuku hachinjwi bila mimi. Na kabla yangu alikuwa baba."

"Hata wanambuzi wadogo?"

"Hata hao. Nani mwingine?"

Nikaingia jikoni nikapiga magoti mbele ya Bibi Manka. "Bibi, nisamehe. Jana sikuwa nimeshiba."

"Najua hukushiba. Tumbo lako lilikuwa linaongea mpaka nikalisikia mimi na masikio yangu haya." Akanishika kidevu. "Uliogopa kuniuliza?"

"Niliogopa."

"Marehemu mume wangu alikuwa akichinja, anagawa nyama kwa jirani zote. Akaona kwa Athumani wanaipokea, wanaitoa kwa mbwa, na hawasemi, kwa heshima. Akahuzunika sana. Akasema, nyama asiyoila jirani ni ya nini? Tangu siku hiyo akawa anachinja baba yake Athumani, sasa Athumani mwenyewe, na wote tunakula. Ungeniuliza tu, mwanangu. Kuuliza si tusi."

Nililia mbele yake bila haya. Kisha nikala. Jamani nilikula! Mtori, nyama, jibini kwenye ndizi ya kuchoma, na Bibi Manka kila nikitua kijiko ananiongezea, analipiza kisasi cha jana. Tulipoondoka alinipa jibini kubwa kuliko zote darini, ameifunga kwa majani makavu ya mgomba. "Mwambie mama yako imetoka kwa mama mwenzake."

Kurudi na harufu

Jibini ya darini ndani ya basi lililofungwa madirisha ni mtihani. Hatujafika Mwanga, sauti ikatoka nyuma: "Konda, kuna mtu kavua viatu huku!" Watu wakaanza kutazamana miguu. Kijana wa watu aliyekaa karibu nasi akalazimishwa kuvaa soksi. Mama Glory akashindwa kuvumilia, akasimama kwenye njia ya katikati: "Si viatu, ni jibini, na ni ya mgonjwa!" Basi zima likataka kuona. Likataka kunusa. Likataka kuonja, na hapo nilikataa, nikaikumbatia kama mtoto mchanga.

Baada ya Korogwe tairi likapasuka. Tukashuka tukakaa nyasini, jua la asubuhi limeshakuwa kali, na hapo ndipo Rukia alipopiga. Hakusalimia. "Wifi, leo hata maji amekataa. Amegeukia ukutani. Njoo."

Nikainamia mkoba wa jibini. Yule mama aliyeongoza malalamiko ya viatu alikuja akanifunika kichwa kwa kanga yake, akanishika bega, akakaa nami hadi gari lilipopona. Na abiria waliokuwa wakipiga kelele kuhusu harufu, kuanzia hapo kila tukisimama walikuwa wakimwambia dereva, "Twende baba, kuna mgonjwa anasubiri." Hakuna aliyeomba kushuka kununua machungwa. Hata choo walibana.

Ghorofa ya pili

Tulifika mtaani kwetu alasiri, na mtaa umefungwa. Lori la mizigo limekaa katikati, mikokoteni imeshikana, kila mtu anapiga kelele. Makuli wakaniona. Mmoja wao, ambaye mama humkemea kila siku, akanyakua mkoba wangu akauweka kichwani: "Pisheni! Pisheni, dawa ya Bi Mkubwa hiyo!" Wakatupasulia njia hadi kwenye ngazi.

Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Mgongo wake ulikuwa mdogo. Nikakaa kitandani, nikakata kipande chembamba, nikakipeleka karibu na pua yake. "Mama, mwanambuzi wake alichinjwa kihalali. Nimeuliza."

Akageuka. Taratibu, lakini akageuka. Akafungua mdomo kama mtoto. Akatafuna, akafumba macho, sote hatupumui. Akafungua macho akasema:

"Siyo."

Wenzangu, nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti. Milima yote ile. Mama Glory naye akaanza, Rukia akafuata, chumba kikawa cha matanga.

"Moshi wa nini huu?" mama akauliza.

"Wa mibuni, mama."

"Mibuni!" Sauti ilikuwa na ukali ambao sikuwa nimeusikia tangu masika. "Nani anafukiza jibini kwa mibuni? Mama alifukiza kwa vifuu vya nazi."

Nikanyamaza kulia. "Yemen kuna nazi?"

"Yemen imeingiaje? Yemen mama alikuwa mtoto, alikuwa anachunga tu. Jibini ameitengenezea Magomeni, uani kwetu, mbuzi wake wanakula maganda ya ndizi mtaa mzima. Ni jibini ya Dar hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Nimesema jibini, ulishafika mlangoni!" Akaanza kuhangaika na shuka. "Ninyanyueni. Jibini yenyewe nzuri, ina nguvu, imegandishwa na mtu anayejua. Imeharibiwa na moshi tu. Rukia, lete jiko. Wewe Mama Glory, shuka kwa muuza madafu na nazi, mwambie vifuu vikavu, si vibichi, asikudanganye."

Tukamkalisha kwenye kiti pale roshani, mito pande zote. Jiko la mkaa, vifuu, chekeche la waya juu, jibini juu yake. "Usiwashe moto, Nuru, washa moshi! Hujui tofauti?" Moshi ukapanda ghorofa zote. Jirani wa juu akapiga kelele, "Bi Nuru, nguo zangu nimefua!" na kabla sijajibu mama alishainua shingo: "Zianue!" Huko chini makuli wakashangilia kusikia sauti ile.

Aliisimamia hadi jua likapungua, akinielekeza niigeuze, akinigombeza nilivyoigeuza. Kisha akasema itoe. Akaomba kisu mwenyewe. Akakata bila msaada. Akatia kipande kinywani, akatafuna, akameza, na mimi nikalitazama koo lake likishuka na kupanda.

"Haijafika," akasema, "ila inakuja." Akakata kingine akala. Akakata na kingine akala.

Kisha akakata kikubwa, akanivuta kwa bega, akanitia mdomoni kwa vidole vyake.

"Kula na wewe," akasema. "Umekonda sana."